Maswali ya Kila Siku Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Anga, Mvua, Barafu na Mwili wa Binadamu

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo mtoto huyauliza bila haya na mtu mzima huyajibu haraka ili aendelee na shughuli zake. Tatizo ni kwamba jibu la haraka, likisharudiwa mara nyingi, hugeuka kuwa elimu hata kama halijawahi kupimwa. Kwa sababu hiyo, kila ilipowezekana tumeanza na jibu lililozoeleka, tukaonyesha linapokwama, kisha tukaeleza kinachojulikana. Palipo na jaribio ambalo msomaji anaweza kulifanya mwenyewe kwa vyombo vya nyumbani, tumelitaja pia.

Kwa nini anga huonekana la buluu wakati wa mchana?

Jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba anga huakisi rangi ya bahari. Jibu hili huanguka mara tu tunapokumbuka kuwa katikati ya jangwa, mamia ya kilomita kutoka kwenye maji, anga huwa la buluu vilevile. Ukweli unakaribia kuwa kinyume chake, kwani sehemu ya rangi ya bahari ndiyo inayotokana na anga.

Mwanga wa jua, ingawa huonekana mweupe, ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua, na kila rangi ina urefu wake wa wimbi: nyekundu ina takriban nanomita 700, na buluu takriban nanomita 450. Mwanga huo unapopita hewani hukutana na molekuli za naitrojeni na oksijeni, ambazo ni ndogo mno zikilinganishwa na mawimbi hayo, nazo huutawanya kila upande. Mwaka 1871 mwanafizikia wa Uingereza John William Strutt, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa cheo chake cha Lord Rayleigh, alionyesha kwa hesabu kwamba mtawanyiko huo hutegemea sana urefu wa wimbi, kiasi kwamba wimbi lenye nusu ya urefu wa jingine hutawanywa mara 16 zaidi. Kwa hesabu hiyo, mwanga wa buluu hutawanywa karibu mara 6 kuliko mwanga mwekundu. Ndiyo maana tukitazama upande wowote wa anga ambako jua haliko, mwanga unaoyafikia macho yetu ni ule uliotawanywa, nao kwa sehemu kubwa ni wa buluu.

Anayetaka kuliona jambo hili mezani achukue bilauri ya maji, adondoshee matone machache ya maziwa, kisha aimulike kwa tochi katika chumba chenye giza. Akiitazama bilauri kwa ubavuni ataona maji yenye rangi ya buluu hafifu, na akiitazama tochi moja kwa moja kupitia maji hayo ataona mwanga wa manjano unaoelekea kwenye rangi ya machungwa.

Ikiwa mawimbi mafupi ndiyo yanayotawanywa zaidi, mbona anga si la urujuani?

Swali hili ni zuri kuliko lile la kwanza, na wengi wanaojua jibu la kwanza hukwama hapa. Wimbi la urujuani ni fupi kuliko la buluu, na kweli hutawanywa zaidi. Hata hivyo, mwanga wa jua una urujuani kidogo kuliko buluu, na jicho la binadamu huihisi rangi ya urujuani kwa udhaifu. Chembe za jicho zinazotambua rangi hupokea mchanganyiko mzima unaotoka angani, na ubongo huutafsiri mchanganyiko huo kuwa buluu iliyofifishwa kwa weupe. Kwa maneno mengine, rangi ya anga hutokana na hewa na pia na jicho linaloitazama.

Basi kwa nini jua likichwa huwa jekundu?

Jua linapokuwa kwenye upeo wa macho, mwanga wake hupita hewani kimshazari na hukata njia ya hewa ambayo ni takriban mara 38 ya ile unayoikata jua likiwa utosini. Katika safari hiyo ndefu buluu karibu yote hutawanywa na kuachwa njiani, na kinachotufikia ni masalia ya manjano, ya machungwa na mekundu. Vumbi na moshi huweza kuizidisha rangi hiyo.

Kwenye sayari ya Mirihi mambo hugeuka. Hewa ya huko ni nyembamba sana, na kazi ya kutawanya mwanga hufanywa na vumbi laini, ambalo hulipa anga la mchana rangi ya manjano yenye ukahawia na kuuacha mwanga wa buluu kulizunguka jua linapokuchwa. Chombo cha Curiosity kilipiga picha za rangi za machweo ya namna hiyo mwaka 2015.

Je, mwezi unapochomoza huwa mkubwa kuliko unapokuwa juu?

Hapana, ingawa karibu kila mtu mwenye macho ataapa kwamba ameuona ukiwa mkubwa. Aristotle alidhani kuwa hewa ndiyo inayoukuza, lakini picha zilizopigwa kwa kamera moja bila kubadilisha chochote huonyesha mwezi wa ukubwa uleule usiku kucha. Kwa hakika mwezi ulio kwenye upeo wa macho uko mbali nasi kidogo zaidi, kwa sababu mtazamaji hajasogezwa bado na mzunguko wa dunia kuelekea upande wake; tofauti hiyo hufikia takriban kilomita 6,400, yaani nusu kipenyo cha dunia, katika umbali ambao kwa wastani ni kilomita 384,400. Kwa hiyo mwezi unaochomoza ni mdogo kwa macho kwa chini ya asilimia 2.

Njia ya kujiridhisha ni kuunyoosha mkono na kuufunika mwezi kwa kidole cha mwisho, mara moja unapochomoza na mara nyingine ukiwa juu. Kidole hicho huufunika wote mara zote mbili, na nafasi hubaki. Ukuzaji huo hufanyika ndani ya ubongo, ambao hukadiria ukubwa wa kitu kwa kulinganisha na vilivyo karibu nacho na kwa kukisia umbali wake. Wataalamu bado wanabishana kuhusu namna hasa ukadiriaji huo unavyokosea.

Kwa nini tunaona umeme wa radi kwanza, kisha ndipo tusikie ngurumo?

Vyote viwili huzaliwa kwa wakati mmoja. Umeme unapopita huipasha hewa joto la kufikia takriban nyuzijoto 30,000 za Selsiasi, ambalo ni karibu mara 5 ya joto la uso wa jua, na hewa hiyo hutanuka kwa ghafla kama mlipuko. Mlipuko huo ndio ngurumo. Mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo hutufikia papo hapo, ilhali sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde na huhitaji takriban sekunde 3 kumaliza kilomita moja. Hesabu sekunde kuanzia mwanga hadi ngurumo, gawanya kwa 3, na utakuwa umepata umbali wa radi kwa kilomita.

Hesabu hii ina manufaa ya kweli. Ikiwa sekunde hazifiki 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na mtu aliye nje anapaswa kuingia ndani ya jengo au gari lililofungwa, na ushauri wa kawaida ni kusubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kutoka. Usemi kwamba radi haipigi mahali pamoja mara mbili haufai kutegemewa hata kidogo, kwani jengo la Empire State mjini New York hupigwa kwa wastani wa zaidi ya mara 20 kwa mwaka.

Kwa nini ardhi hutoa harufu ya kupendeza mvua inapoanza kunyesha?

Wengi husema kuwa hiyo ni harufu ya mvua, lakini maji ya mvua yakikingwa katika chombo safi hayanuki hivyo. Harufu hutoka ardhini. Mwaka 1964 wanakemia wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliichunguza na kuipa jina la petrikori, kutokana na maneno ya Kigiriki yanayomaanisha jiwe na majimaji ambayo, kwa masimulizi ya Wagiriki wa kale, hutiririka katika mishipa ya miungu. Waligundua kwamba wakati wa ukame mafuta yanayotokana na mimea hujikusanya katika mawe na udongo, na kwamba unyevu huyafukuza humo yakapanda hewani.

Mshiriki mkuu wa pili ni kemikali iitwayo jiosmini, ambayo hutengenezwa na bakteria wa udongoni, hasa wa jamii ya Streptomyces. Pua ya binadamu ina ukali wa ajabu juu ya kemikali hii, kwani huweza kuitambua hata ikiwa ni sehemu chache tu katika trilioni. Ndiyo hiyo hiyo inayofanya maji ya bwawa, na wakati mwingine samaki wa maji baridi, wawe na ladha ya tope.

Lakini harufu iliyo udongoni hufikaje puani kwa kasi hivyo? Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walipiga picha za matone kwa kamera za kasi kubwa, wakaona kwamba tone linapotua juu ya udongo wenye vinyweleo huvifungia chini yake viputo vidogo vya hewa. Viputo hivyo hupanda ndani ya tone na kupasuka kwa juu, vikirusha chembechembe za maji zilizobeba harufu. Walibaini pia kwamba mvua nyepesi au ya wastani hurusha chembechembe nyingi kuliko mvua kubwa, jambo linaloeleza kwa nini rasharasha za mwanzo hunukia kuliko mvua yenyewe ikishashika kasi.

Kuhusu faida ambayo bakteria hao huipata, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba jiosmini huwavuta wadudu wadogo sana wa udongoni wanaorukaruka kwa mkia. Wadudu hao huwala bakteria, kisha husambaza mbegu zao kwa mwili na kinyesi. Inaelekea pua zetu husikia mwaliko ambao haukutumwa kwetu.

Kwa nini barafu huelea badala ya kuzama?

Vitu vingi vikiganda hushikamana na kuwa vizito zaidi kwa ujazo uleule, lakini maji hayafuati kanuni hiyo. Yanapopoa hushikamana kama kawaida hadi kufikia nyuzijoto 4 za Selsiasi, kisha huanza kutanuka, na yakiganda molekuli zake hujipanga katika maumbo ya pembe sita yenye uwazi katikati. Barafu huchukua nafasi kubwa kwa takriban asilimia 9 kuliko maji yaliyoitengeneza, na ndiyo maana chupa iliyojazwa maji hadi shingoni hupasuka ikiachwa kwenye friza.

Ziwa la nchi za baridi huganda kuanzia juu kwa sababu hiyo hiyo. Maji ya nyuzijoto 4, yakiwa ndiyo mazito zaidi, hukaa chini, barafu hutanda juu kama kifuniko, na samaki huendelea kuishi chini yake.

Je, barafu inayoelea ikiyeyuka, bilauri iliyojaa itafurika?

Haitafurika. Kipande kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na wake, na kikiyeyuka huwa maji ya kiasi hicho hicho hasa. Ijaze bilauri hadi ukingoni, vipande vikiwa vimechomoza juu, kisha usubiri.

Kwa nini chuma huwa baridi kuliko ubao ilhali vyote vimekaa chumba kimoja?

Chuma si baridi zaidi. Kipimajoto kikiwekwa juu ya vitu viwili vilivyolala katika chumba kimoja usiku kucha kitasoma joto lilelile. Kinachotofautiana ni kasi ya kupitisha joto. Mkono wetu kwa kawaida una joto zaidi kuliko chumba, na ukigusa chuma, joto la ngozi huondoka kwa haraka, ilhali ubao huliacha libaki palepale lilipogusana na ngozi. Mishipa ya fahamu ya mkono hupima joto la ngozi yenyewe, halafu sisi huhesabu kuwa tumekipima kitu tulichokigusa.

Jaribio lake hufurahisha kwa sababu matokeo yake hupingana na matarajio ya watu wengi. Weka kipande cha barafu juu ya sufuria ya alumini iliyopinduliwa na kingine cha ukubwa uleule juu ya ubao wa kukatia mboga, baada ya kuwataka watu wavishike vyote viwili na kubashiri barafu ipi itayeyuka kwanza. Wengi huchagua ubao kwa kuwa wameuhisi una joto. Barafu iliyo juu ya sufuria huyeyuka haraka zaidi, maana alumini huipelekea joto la chumba kwa kasi ileile iliyotumia kuliondoa joto la mkono.

Kwa nini vidole hukunjamana vikikaa majini?

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba ngozi hunywa maji, ikavimba na kukosa pa kwenda. Maelezo haya yana mantiki, na kwa muda mrefu hata wasomi waliyakubali, lakini yalikwisha kutiwa shaka tangu miaka ya 1930, madaktari walipoona kwamba vidole ambavyo mishipa yake ya fahamu imekatika havikunjamani hata vikilowekwa. Kama jambo lote lingekuwa la ngozi kunywa maji, mshipa wa fahamu ungekuwa na kazi gani hapo?

Kinachotokea ni kwamba, baada ya dakika chache majini, mfumo wa fahamu unaojiendesha bila hiari yetu huiamuru mishipa midogo ya damu ya ncha za vidole isinyae. Nyama ya ndani hupungua ujazo, na ngozi iliyo juu yake huvutwa chini ikafanya mifereji. Hali hii ni ya hakika kiasi kwamba madaktari huweza kuitumia kupima uzima wa mishipa ya fahamu ya mkono.

Kuhusu faida ya mikunjo hiyo, ushahidi umekuja kwa kupanda na kushuka. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle walionyesha kwamba watu wenye vidole vilivyokunjamana walihamisha vitu vilivyo majini kwa kasi zaidi, na kwamba kwa vitu vikavu hapakuwa na tofauti. Mwaka uliofuata watafiti wa Ujerumani walilirudia wazo hilo kwa jaribio lao na hawakuiona faida yoyote. Baadaye, mwaka 2021, jaribio la Uingereza lililohusisha watu takriban 500 lilipima nguvu ya kushika badala ya kasi, likaonyesha kwamba mwenye vidole vilivyokunjamana hahitaji kukibana sana kitu kilicholowa ili kisimponyoke. Kwa maoni yetu jaribio hili la mwisho lina uzito zaidi, kwa wingi wa watu wake na kwa kuwa lilipima kitu ambacho mikunjo ingetarajiwa kukisaidia.

Kwa nini kitunguu hutoa machozi?

Kitunguu kizima hakimlizi mtu, na hilo tayari ni dokezo. Ndani ya chembe zake mna viambato vyenye salfa na, katika vyumba tofauti, mna kimeng'enya kinachoweza kuvibadilisha. Kisu kinapokata chembe hizo, vitu hivyo viwili hukutana, na mwisho wa mabadiliko hutoka gesi inayopanda hadi machoni na kuichokoza mishipa ya fahamu, nayo macho hujiosha kwa machozi. Ilidhaniwa kuwa kimeng'enya ni kimoja tu, hadi mwaka 2002 watafiti wa Japani walipogundua cha pili, ambacho kazi yake hasa ndiyo kuitengeneza gesi hiyo. Kisu kikali husaidia kwa sababu hukata chembe badala ya kuziponda, na kitunguu kilichopozwa kwenye jokofu husaidia kwa sababu baridi huvipunguzia vimeng'enya kasi.

Kwa nini pilipili huunguza ilhali haina moto?

Pilipili haiunguzi kinywa, bali hukidanganya. Katika mishipa ya fahamu ya ulimi na ngozi mna protini ambayo hufunguka inapoguswa na joto linalozidi takriban nyuzijoto 43, ili kuuonya mwili dhidi ya kuungua. Kemikali ya pilipili iitwayo kapsaisini huifungua protini hiyo hiyo bila joto lolote, na ubongo hupokea taarifa ya moto, ukaagiza jasho na kamasi vitoke. David Julius na wenzake waliitambua protini hiyo mwaka 1997, na mwaka 2021 yeye na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba. Mnanaa hufanya udanganyifu wa upande wa pili, kwa kuifungua protini inayotambua ubaridi.

Maji hayasaidii sana, kwani kapsaisini haiyeyuki vizuri ndani yake, na kuyanywa huisambaza tu kinywani. Maziwa husaidia zaidi kwa kuwa mafuta na protini zake huishika na kuiondoa. Inafaa pia kusahihisha dhana kwamba ukali hukaa katika mbegu: kapsaisini nyingi imo katika utando mweupe unaozishikilia mbegu hizo, nazo huambukizwa ukali kwa kugusana nao tu. Ndege hawauhisi ukali wa pilipili hata kidogo, humeza mbegu nzima na kwenda kuziangusha mbali zikiwa bado zinaweza kuota, tofauti na wanyama wanaozisaga kwa magego.

Je, tunapiga miayo kwa sababu ya kukosa oksijeni?

Jibu hili hufundishwa hata na walimu, lakini lilipimwa likashindwa. Mwaka 1987 Robert Provine na wenzake waliwapa watu oksijeni tupu wavute, na wengine hewa iliyoongezwa kaboni dioksidi. Wala oksijeni haikuipunguza miayo, wala kaboni dioksidi haikuiongeza. Isitoshe, vipimo vya mawimbi ya sauti huonyesha kuwa mtoto hupiga miayo akiwa tumboni, mahali ambapo hakuna hewa ya kuvuta. Kilicho wazi ni kwamba miayo huambatana na mabadiliko ya hali ya uangalifu, kama kuelekea usingizini au kuamka, na kwamba huambukiza. Hata kusoma habari zake hutosha, kama ambavyo huenda msomaji ameshagundua.

Kwikwi hutokana na nini?

Kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo hujikaza ghafla bila kuagizwa, hewa huvutwa kwa nguvu, na mara moja mlango wa koo la hewa hujifunga. Kule kufunga ndiko kunakotoa mlio. Kula haraka, kula kupita kiasi na vinywaji vyenye gesi huweza kuianzisha. Kuzuia pumzi kuna mantiki kwa sababu huongeza kaboni dioksidi katika damu, jambo ambalo huweza kukituliza kiwambo. Kwikwi inayozidi siku 2 inastahili kupelekwa kwa daktari. Mmarekani Charles Osborne aliipata mwaka 1922 na ikamwacha mwaka 1990.

Kwa nini mtu hawezi kujitekenya mwenyewe?

Kila tunapotaka kusogeza kiungo, ubongo hutuma amri kwa misuli na nakala ya amri hiyo kwa sehemu yake ya nyuma iitwayo serebelamu, ambayo hubashiri mguso utakaofuata na kuupunguzia nguvu kabla haujahisiwa. Bila upunguzaji huo tungesumbuliwa na kila mgusano wa nguo na kila hatua ya mguu. Mtekenyaji akiwa mtu mwingine, hakuna nakala ya amri, na mguso hufika na nguvu zake zote.

Sarah-Jayne Blakemore na wenzake jijini London walilithibitisha jambo hili kwa kupiga picha za ubongo mwaka 1998, na mwaka 1999 walitumia mashine iliyomtekenya mtu kiganjani kwa kufuata mwendo wa mkono wake mwingine. Mashine ilipofuata papo hapo, mtu alihisi mtekenyo hafifu. Ilipocheleweshwa kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, mtekenyo ulihisiwa zaidi, na ulizidi kadiri uchelewaji ulivyoongezwa. Mkono ulikuwa wa mtu yuleyule, lakini ubashiri haukulingana tena na wakati wa mguso.

Kwa nini sauti yangu katika rekodi hunichukiza?

Wengi huilaumu simu au kipaza sauti, lakini chombo hicho hicho kikirekodi sauti za wenzao hawaoni kasoro. Tunapozungumza, sauti yetu hutufikia kwa njia mbili kwa pamoja: kupitia hewa hadi kwenye kiwambo cha sikio, na kupitia mifupa ya kichwa moja kwa moja hadi sikio la ndani. Njia ya mifupa hubeba vizuri zaidi mitetemo mizito, kwa hiyo kila mmoja wetu huisikia sauti yake ikiwa nene kuliko ilivyo. Ziba masikio yote mawili kwa vidole uzungumze, na utaisikia njia hiyo ya pili karibu peke yake. Rekodi huinasa njia ya hewa tu, na unene tuliouzoea haumo. Watu wanaotuzunguka hawashangazwi na rekodi hiyo, kwa kuwa ile sauti nyingine, nene na tamu zaidi, hawajawahi kuisikia hata siku moja.